Mume Uliyepasuliwa Paja, Usifiche Neno Hili

Ndugu msomaji, neno tunaloandika leo si la kusomwa kwa sauti mezani mbele ya watoto. Lakini si neno chafu. Ni habari ya mwili, na mwili ni kazi ya Mungu, kichwa na miguu na kila kiungo kilicho katikati. Soma wewe mwanaume uliyevunjika mguu ukapasuliwa. Soma na wewe mama unayemtunza mume wa namna hiyo. Ukimaliza, umpe jirani.

Miaka michache iliyopita mtu mmoja wa Kadutu alivunjika paja. Jina lake hatutalitaja. Kazi yake ilikuwa kubeba watu kwa pikipiki, nanyi mnajua milima ya Bukavu ilivyo wakati wa mvua: udongo unateleza kama sabuni, na malori yanashuka bila huruma. Lori likamsukumia ukutani. Mfupa wa paja la kuume ukakatika katikati. Alilala hospitali siku kadhaa, mguu ukivutwa kwa mfuko wa mchanga, kisha akapasuliwa, akatiwa chuma ndani ya mfupa. Kidonda kilifunga vizuri, hakikutoa usaha. Sisi sote tulifurahi.

Siku ya kutoa nyuzi nilikuwa mimi zamu. Nikamwuliza, "Baba, unasikia maumivu?" Akajibu, "Maumivu ni kidogo, munganga. Ila nasikia ganzi huku chini." (Mimi si munganga, ni mwuguzi tu, lakini kwetu kila mwenye koti jeupe anaitwa hivyo.) Nikamwambia, "Ganzi itapita," nikamwita mgonjwa mwingine. Sikumwuliza "huku chini" ni wapi. Nilidhani ni mguu.

Mwezi wa tano mke wake akaja peke yake, mtoto mgongoni. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Munganga, mume niliyemleta hapa siye mliyenirudishia." Tangu kutoka hospitali alikuwa hajamgusa. Alilala sebuleni kwenye mkeka, akisema ni kwa ajili ya mguu. Mkewe akimkaribia, alikasirika. Mama huyo alikuwa amekwisha kuamini ya kuwa yuko mwanamke mwingine huko Bagira. Wakubwa wa jamaa walikuwa wamepanga siku ya kukutana, ili mama arudishwe kwao. Na mume naye, jambo ambalo mkewe hakulijua, alikuwa ameuza redio na saa yake, akanunua mizizi na vidonge visivyo na jina sokoni.

Nilipata aibu yangu mwenyewe siku ile. Mtu aliniambia ugonjwa wake kwa maneno mawili, "huku chini," nami sikusikia.

Nguzo ya katikati ya mapaja

Mfupa wa paja ni mrefu kuliko mifupa yote ya mwili, na nyama zinazouzunguka zina nguvu nyingi. Ukivunjika, nyama hizo hukaza na kupandisha kipande kimoja juu ya kingine, mguu ukawa mfupi. Daktari hawezi kutia chuma mpaka vipande vikae sawasawa, kwa hiyo ni lazima mguu uvutwe. Hospitali nyingi zina meza maalum ya kazi hiyo. Mguu hufungwa kwenye kiatu cha meza, na kiatu huvutwa kwa kukaza skrubu. Lakini ukimvuta mtu mguu, mwili wote utafuata. Kwa sababu hiyo meza ina nguzo iliyoviringishwa kitu laini, nayo husimama katikati ya mapaja na kuuzuia mwili usiteremke. Nguvu yote ya kuvuta inaishia hapo, penye msamba.

Sasa, karibu na msamba unapita mshipa wa fahamu. Kila upande wa mwili una wake. Unatoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, unapita karibu na mfupa tunaoukalia, unakwenda mbele mpaka kwenye uume. Mshipa huo ndio unaoleta kusikia katika uume na msamba, nao huamrisha nyama zinazozuia mkojo na choo. Nguzo ikiukandamiza kwa saa moja au mbili, na mvuto ukiwa mkali, mshipa unachoka. Mgonjwa amelala kwa dawa, hawezi kusema, "Hapo naumia." Akiamka, pana ganzi. Kwa wengine ni ganzi tu. Kwa wengine uume hausimami, au unasimama kidogo na kulegea tena.

Waulizeni watu wa bonde la Ruzizi wanaosafiri kwa baiskeli tangu asubuhi mpaka jioni. Wengi wamepata kusikia ganzi ya namna hiyo kwa sababu ya kiti cha baiskeli. Wakishuka na kutembea, inawaacha. Ni mshipa ule ule, ila nguzo ya meza inakandamiza kwa nguvu zaidi, na aliyelala juu yake hawezi kushuka.

Je, jambo hili hutokea mara nyingi? Waganga waliohesabu hawakupata hesabu moja. Wengine waliona wagonjwa 2 tu katika 100, wengine waliona zaidi ya 25. Tofauti inatokana na unene wa nguzo, ukali wa mvuto, na muda wa kupasua. Na mimi naongeza sababu yangu: asiyeuliza hapati kitu cha kuhesabu. Mimi sikuuliza.

Lakini sikia habari njema hii. Mshipa huo haukukatwa, umekandamizwa tu, na mshipa uliokandamizwa hupona wenyewe kwa wagonjwa walio wengi. Wengine hupona baada ya siku chache, wengine baada ya wiki kadhaa, wengi wanakuwa wamepona kabla ya miezi mitatu kwisha. Wachache huchelewa kuliko hapo, kwa maana nyuzi za ndani ya mshipa zikifa, lazima ziote tena, nazo huota polepole, karibu milimita 1 kwa siku. Si jambo la kuharakishwa kwa mizizi.

Waganga wenye uangalifu wanajua njia za kuukinga mshipa. Hutumia nguzo nene, yenye upana wa zaidi ya sentimita 10, iliyofunikwa vizuri. Humpa mgonjwa dawa ya kulegeza nyama ili mvuto usiwe mkali. Hukaza wakati wa lazima tu, na chuma kikiisha kupita penye mvunjiko hulegeza mara moja. Tena kuna wasiotumia nguzo kabisa. Daktari wa mifupa Lewis Zirkle wa Richland, Marekani, alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999 kwa ajili ya hospitali za nchi zisizo na mashine kubwa. Chuma chao kinaweza kutiwa bila mashine ya picha mle chumbani na bila meza ya kuvutia; mgonjwa hulala juu ya meza ya kawaida. Hospitali ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekitumia kwa wagonjwa wengi. Basi, kabla ya kupasuliwa, usiogope kuuliza: "Munganga, utatumia nguzo? Utailegeza lini?" Daktari mwema hatachukia swali hilo.

Nyonga ikivunjika

Hapa lazima niseme wazi, maana si haki kumpa kila mtu tumaini lile lile. Mtu aliyegongwa na gari mara nyingi havunjiki paja peke yake. Mifupa ya nyonga nayo huvunjika, ile inayozunguka kibofu kama bakuli. Vipande vyake vinaweza kupasua njia ya mkojo, na kurarua mishipa ya fahamu na ya damu inayousimamisha uume. Hiyo si kazi ya nguzo wala ya daktari, ni kazi ya lori. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa mwaka mmoja, hata miwili, kabla ya kujua atakavyobaki, na wengine nguvu hazirudi zote. Hata hivyo asikate tamaa. Wako waganga wa njia ya mkojo, ziko dawa na vifaa vinavyosaidia, lakini avipate kwa daktari aliyempima, si kwa mchuuzi.

Dalili yake kubwa ni damu kwenye tundu la mkojo baada ya ajali, au mkojo kukataa kutoka. Mtu huyo asitiwe mpira wa mkojo kwa nguvu na mtu asiyejua. Apelekwe kwa daktari.

Wanayoyasema watu

Nimeyasikia maneno mengi katika vyumba vya wagonjwa. Wengine husema chuma kilicho ndani ya paja kinavuta nguvu za mtu. Si kweli. Gerhard Küntscher, daktari wa Kiel huko Ujerumani, alianza kutia chuma ndani ya mfupa wa paja mwaka 1939, na tangu siku hizo watu wasiohesabika wametiwa, wakazaa watoto chuma kikiwa ndani. Kinakaa katika uwazi wa mfupa, mahali pa uboho. Hakigusi mshipa wa uume.

Wengine huilaumu sindano ya mgongo. Dawa ya sindano hiyo hutia ganzi tangu kitovu mpaka vidole vya miguu, na baada ya saa chache huisha. Ikiwa ganzi ya miguu yote miwili na ya makalio inaendelea siku ya pili, mwite daktari upesi. Lakini uume uliolegea mwezi wa tatu si kazi ya sindano ya siku ile.

Na mzee mmoja wa kanisa alimwambia mgonjwa wangu ya kuwa ni adhabu ya dhambi. Sijui mzee yule alisoma wapi. Yakobo aliguswa uvungu wa paja usiku kucha wa kushindana, akatoka pale akichechemea. Na Benyamini alizaliwa baadaye.

Kuna sababu nyingine ambazo watu hawazisemi, nazo ni kweli. Damu iliyomwagika siku ya ajali humfanya mtu awe mnyonge kwa miezi. Maumivu ya usiku huondoa hamu. Deni la hospitali huondoa hamu zaidi, na mwenye pikipiki iliyovunjika anajua. Tramadol, ambayo wengi huendelea kuinunua hata baada ya mfupa kuunga, hupunguza hamu na huchelewesha au kuzuia mbegu kutoka. Ukiisha kuizoea, usiikate ghafula, mwombe munganga akupunguzie kidogo kidogo. Kasiksi na pombe kali vinalegeza uume, ijapokuwa vinatia majivuno. Tumbaku huziba mishipa midogo ya damu, tena huchelewesha mfupa kuunga. Na wako wanaume ambao ajali iliwafunulia tu ugonjwa uliokuwamo tangu zamani: kisukari, au damu ya kupanda. Kwa hiyo tukikupima mkojo na damu na tansio, usiseme, "Nimekuja kwa neno lingine." Ni neno lile lile.

Asubuhi mapema

Yule mtu wa Kadutu alikuja siku ya Alhamisi. Mke wake alimwambia tu kwamba mwuguzi anataka kuutazama mguu. Tulizungumza habari za bei ya mafuta ya pikipiki karibu robo saa. Nikafunga mlango. Nikamwuliza, "Baba, siku ile uliposema huku chini, ulikuwa na maana gani?" Akainamisha kichwa, akaanza kulia.

Nilimwuliza maswali, na ninayaandika hapa ili na wewe ujiulize. Je, ganzi ingaliko? Akasema hapana, ilimwacha kadiri ya mwezi wa tatu. Je, mkojo unatoka vizuri? Ndiyo. Je, asubuhi mapema, kabla ya kuamka kabisa, uume husimama wenyewe? Akafikiri, akasema, "Ndiyo, siku hizi, lakini mimi nilidhani ni mkojo tu."

Swali hilo la mwisho ni kubwa, msomaji. Uume ukisimama wenyewe usingizini au alfajiri, basi mishipa ya damu inapitisha, na mishipa ya fahamu inafanya kazi. Kilichobaki ni hofu. Mtu huyu alijaribu mara moja, wiki ya tano, mshipa ukiwa bado umekufa ganzi na paja likiuma. Akashindwa. Tangu siku ile hakujaribu tena, kwa kuogopa kushindwa mara ya pili mbele ya mke wake. Ugonjwa ulikuwa umeondoka miezi miwili kabla, naye alikuwa bado analala mkekani.

Nikamwomba ruhusa nimwite mkewe. Alikataa. Nikangoja. Akakubali. Nilipomweleza mama habari ya meza na nguzo, alimtazama mumewe, akasema, "Baba wa watoto, kwa nini hukuniambia? Mimi nilikuwa nafunga mizigo." Sikukaa chumbani kusikia mengine.

Wanaume wa Bukavu tunalo jambo la kujiuliza. Katika mji huu huu, mtaa wa Panzi, hospitali iliyo chini ya jumuiya ya makanisa ya CEPAC ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, na wanawake waliojeruhiwa sehemu za siri kwa jeuri ya vita walikuja wakasema yaliyowapata. Mwaka 2018 Daktari huyo alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Wanawake wale walisema mambo mazito kuliko ya kwetu. Sisi tunashindwa kusema, "Nina ganzi."

Mambo ya nyumbani

Wengi huuliza ni lini mume anaweza kulala na mke wake tena. Ikiwa ni chuma cha paja, hakuna siku moja kwa wote: kidonda kiwe kimefunga, maumivu yawe yamepungua, na daktari awe ameitazama picha ya mfupa. Ikiwa nyonga imebadilishwa kwa nyonga ya chuma, daktari wengi husema ngoja kadiri ya wiki 6, na hata baada ya hapo usikunje nyonga kupita kiasi wala usipishanishe miguu.

Mume alale chali, mto chini ya paja lililopasuliwa, na mke awe juu, asilikalie paja. Mume asipige goti kwa mguu ule. Mama mmoja aliniuliza kama ni halali mke kuwa juu. Nilimjibu kwamba sijaona mahali Maandiko yanapokataza, na mfupa unapendelea hivyo.

Tena, usiku wa kwanza msitake yote. Laleni kitanda kimoja kwanza. Shikaneni mikono, zungumzeni, kandaneni mgongo. Mume akijua hatapimwa usiku huo, hofu hupungua, na mara nyingi nguvu huja bila kuitwa. Mama, usicheke akishindwa. Usimhesabie siku. Na usimweleze dada yako jambo lile kisimani, kwa maana litarudi kwa mumeo kabla ya jua kutua.

Kwa habari ya vidonge vya kutia nguvu: viko vya kweli, na daktari anaweza kukupa. Lakini mtu anayetumia dawa za maumivu ya moyo, zile za kufungua mishipa, akimeza hivyo, damu yake inaweza kushuka ghafula mpaka afe. Kidonge cha sokoni hakisemi kina nini ndani, na aliyekuuzia hakukuuliza habari za moyo wako.

Usingoje siku ya zamu yako ya kurudi, njoo upesi, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya: mkojo unakataa kutoka au unatoka bila wewe kujua; choo nacho kinatoka hivyo; ganzi imeshika makalio na msamba wote pamoja na udhaifu wa miguu; uume umesimama kwa maumivu zaidi ya saa 4 bila kulala; ngozi ya msamba au ya pumbu imekuwa nyeusi au ina kidonda baada ya kutoka kwenye meza. Kwa ganzi ya uume peke yake, tuambie siku ile ile ya kutoa nyuzi, tuiandike, tuipime tena wiki ya 6 na mwezi wa 3. Ikipita mwezi wa 3 bila kupungua, tutakutuma kwa daktari.

Na kama mwuguzi wa zamu ni binti wa umri wa mtoto wako, nawe huwezi kutamka neno hilo mbele yake, sema tu, "Nataka kuzungumza na mwuguzi mwanaume." Hataulizia sababu. Au andika kwenye kipande cha karatasi, uume una ganzi, au, sina nguvu tangu kupasuliwa, ukiweke ndani ya kitabu chako cha hospitali kabla ya kukitoa dirishani. Siku hizi tunavifungua vitabu hivyo kabla ya kumwita mtu, nasi tutafunga mlango.